Moshi Ndani ya Bidoni

Mikutano ya ushirikiano mimi naijua. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, unapewa soda ya moto, mtu wa serikali anasema "tutashirikiana" mpaka neno lenyewe linachoka, halafu kila mtu anarudi kwake na njaa yake. Kwa hiyo walipotuita kwenye mkutano wa maziwa, pale kambi yetu ya Nakivale inapopakana na malisho ya wenyeji, nilikwenda shingo upande.

Ajabu, safari hii maneno yalizaa kitu. Serikali ya wilaya ilileta tangi la kupoza maziwa. Kiwanda cha Mbarara kikaahidi lori kila asubuhi. Wenyeji, Wanyankole wenye ng'ombe wa pembe ndefu, wangetoa maziwa. Na sisi wakimbizi je? Sisi tuna mikono na baiskeli, basi tungezunguka kwenye maboma kukusanya kwa mabidoni, yale madumu tuliyopewa na serikali. Mimi, kwa sababu ya huu mdomo wangu, nikachaguliwa kuwasimamia wakusanyaji. Sharti lilikuwa moja: maziwa yakikataliwa mara kwa mara, tangi litahamishiwa Kaberebere, ambako watu walikuwa wakililia.

Niliitaka ile kazi, nisidanganye. Tangu nitoke Uvira nilikuwa nalima kashamba kalikochoka, mwaka huu jua, mwaka ujao jua tena. Sasa kwa mara ya kwanza kulikuwa na mahali ambapo watu walikuwa wananingoja asubuhi.

Boma lenye ng'ombe wengi kuliko yote lilikuwa la mjane mmoja mzee. Nilimwita koko, kama tunavyowaita bibi zetu kule kwetu. Marehemu mume wake alikuwa askari wa Makenke, na Kiswahili chake alikitoa huko kwenye kambi ya jeshi, kwa hiyo kila neno lake lilikuwa amri. "Wewe, simama hapo. Leta bidoni." Nami nilisimama hapo hapo, langoni, kila siku. Maziwa ya kunywa hakunipa hata tone.

"Nyinyi nakula maharage kila siku," aliniambia bila kuficha. "Mtu ya maharage hapana kunywa maziwa. Ng'ombe nakuwa mugonjwa."

Kwao ni mwiko vitu hivyo viwili kukutana tumboni. "Koko," nikamwambia, "ng'ombe wako hata jina langu hawalijui!" Alicheka sana, lakini maziwa hakutoa.

Siku ya kwanza ya lori, msichana wa kiwanda mwenye viatu vyeupe vya mpira alifungua mabidoni ya koko, akanusa, akayafunga. Yananuka moshi, alisema. Siku ya pili ikawa vile vile. Mtu wa wilaya akanipigia simu: "Mama, kesho tena nakuwa hivi, sisi nabeba tangi."

Nilipanda juu ya lile lori mpaka Mbarara, bidoni lililokataliwa likiwa katikati ya magoti yangu. Nilikwenda kugombana, sifichi. Msimamizi wa maziwa pale kiwandani aliniacha niseme mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akafungua bidoni na kuinusa ile harufu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii ni harufu ya nyumbani," alisema. Kumbe naye ni Munyankole. "Mama yangu anafukiza vyombo vya maziwa hivi hivi, kwa nyasi. Mimi kwetu siwezi kunywa mengine. Lakini mtu wa Kampala akifungua pakiti akakuta moshi, atasema tumeunguza."

Nikarudi moja kwa moja kwa koko, hasira imenijaa.

"Koko, uliyafanya nini mabidoni yangu?"

"Mimi nafukiza. Jioni yote," alijibu, na alijivuna kabisa. "Bidoni ya serikali nakuja hapa nanuka duka. Mimi natia maziwa yangu ndani ya harufu ya duka?"

"Basi batabeba tangi! Bapeleke Kaberebere, na wewe ubakie na moshi yako!"

Nilipaza sauti ndani ya boma la mtu mzima, ee Mungu nisamehe. Koko aliwatazama ng'ombe wake waliokuwa wakirudi kutoka kunywa maji, akauliza taratibu, "Maziwa hapana moshi, hiyo ni ya nani?"

"Ya watu tusiowajua, koko. Watu wa Kampala."

"Hawa watu hawana mama?"

Baadaye akasema, "Osha wewe. Mimi hapana."

Kesho yake alfajiri niliyaosha mabidoni kwa maji ya moto na sabuni. Maziwa yalipomiminwa, koko alitugeuzia mgongo, akaukodolea macho mlima mpaka tulipofunga vifuniko. Kwenye tangi yule msichana alinusa, akarudia kunusa. Kisha akainua bidoni, akamimina, na mimi nikapiga kigelegele ambacho nadhani hata kambi jirani ya Oruchinga walikisikia.

Niliporudisha mabidoni matupu, koko alikuwa amesimama langoni, fasi yangu mimi, pale ninaposimama kila siku.

"Tangi?"

"Imebaki, koko. Imebaki!"

"Ingia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akatangulia ndani, akashusha kutoka rafuni chombo cha mti kilichofunikwa, na alipokifunua ile harufu ya moshi ikajaa nyumba.

"Leo nakula maharage?"

"Sijala kitu tangu jana, koko. Ni woga."

Alicheka, akanimiminia mpaka juu. "Ile ya asubuhi ya kiwanda. Hii hapana ya kiwanda. Kaa chini."

Nilikunywa, machozi yananitoka, nikasingizia moshi. Alinisubiri nimalize, akachukua kikombe, akasema, "Kesho pia, kuja bila kula."