Kigoda cha Jumatano Kibakwe

Niliondoka Nzuguni, pembeni mwa Dodoma, kwa sababu ya wivu, na sitaki kuwadanganya kwamba palikuwa na jambo jingine. Ilikuwa miaka ile maduka yameanza kujaa sabuni tena na nguo za mitumba zinamwagwa kila gulio. Nilikuwa nafyatua matofali. Kabla ya hapo nilikuwa Singida, Itigi na Tabora, kwa kuwa tangu nilipoacha shule darasa la tano sijawahi kuona njia nisitake kujua inaishia wapi. Muuza vitunguu kutoka kwetu Kibakwe ndiye aliyenipa habari.

"Kwako anaingia mwanaume kila Jumatano," alisema. "Ana baiskeli. Mwanao akimwona tu, mbio kumtolea kigoda."

Kilichonichoma hasa ni hicho kigoda. Nilikichonga mwenyewe.

Jumatano alfajiri nilipanda basi la Mpwapwa, na gauni la mtumba la binti yangu Nyemo mapajani. Mimi ambaye huhesabu hata vichuguu, siku hiyo tulipita hata Mbande na sikuona kitu. Kichwani nilimwona tu mtu wa baiskeli, asiye na sura.

Mpwapwa nilipata lori lililokuwa linapanda kufuata maharage.

"Msibani?" dereva akauliza.

"Hapana."

"Hujafika kwenu muda gani?"

"Miaka mitatu."

Akacheka hadi usukani ukayumba. "Miaka mitatu, na hakuna aliyekufa! Basi ni wivu, bwana. Shika vizuri, kona zinaanza."

Saa tisa alasiri nilifika Kibakwe. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wangu. Nikabisha hodi kwenye mlango nilioupigilia mwenyewe. Akatoka msichana wa miaka kama sita, mrefu, kovu la moto limempanda hadi gotini.

"Shikamoo. Unamtaka nani?"

Nikasema marahaba.

"Nyemo, huyo ni baba yako," mke wangu Debora akasema kutoka ndani. Mtoto akarudi kinyumenyume, akajibanza nyuma ya mwanaume aliyekaa kwenye kigoda changu.

Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. "Naitwa Yona," alisema. "Najitolea. Watu wa ustawi wa jamii wamenipa nyumba nne za kutembelea."

Debora ndiye aliyenieleza. Akienda shambani alikuwa anamfungia mtoto ndani, na siku moja Nyemo akaangukia mafiga. Watu wa ustawi wakataka kumpeleka kwenye kituo cha watoto mjini. Yona akawaomba waisaidie kwanza nyumba yenyewe. Sasa mafiga yalikuwa yameinuliwa juu ya udongo na kuzungushiwa uzio wa fito, na siku za shamba bibi jirani alikaa na mtoto. Kila nilichoonyeshwa kilikuwa kazi iliyopaswa kufanywa na mikono yangu, na mikono yangu haikuwepo.

"Alijenga yeye?" nikauliza.

"Nilijenga mimi. Yeye alikaa hapo ananiuliza maswali."

"Maswali tu?"

"Maswali tu! Yalinikera mpaka nikajenga."

Yona akatabasamu. "Leo nina moja. Bibi jirani anahamia kwa mwanawe Kongwa. Mvua zikianza na mama yuko shambani, nani atakaa na Nyemo? Nikikosa jibu, watamchukua."

Nyemo akamtazama Yona. Yona, si mimi.

"Mimi," nikasema. Sikusema kwa upendo. Nilitaka tu yale macho yahame.

"Wewe ukae?" Debora akaguna. "Hata kunguru ana kiota, baba Nyemo. Wewe una njia tu."

"Jumatano ijayo nitapita nione," Yona akasema, akachukua baiskeli yake.

Lile gauni halikupita mabegani. Nilikuwa nimemnunulia mtoto niliyemwacha.

Ijumaa nilishuka Nzuguni kufuata godoro na sururu. Jumatatu, stendi ya Dodoma, basi la Singida lilikuwa linaita abiria, na miguu yangu ikalijua. Nikamwona Yona akilini, anabisha hodi, anakuta sipo, anatikisa kichwa kwa huruma. Huruma yake nisingeistahimili. Nikapanda la Mpwapwa.

Jumatano ilinikuta kwenye kigoda tangu asubuhi, Nyemo akichambua mlenda mbali kidogo nami. Kengele ya baiskeli ikalia nje. Mtoto akaja mbio, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Baba, inuka. Hicho ni cha mgeni."

Nikainuka. Nimesafiri sana, na kila nilikofika nilipewa kigoda; sikujua kwamba mwenye nyumba ndiye anayesimama. Yona akaketi, akamtania Nyemo jambo nisilolijua, wakacheka wote wawili. Nami nikaegemea mlango wangu, wivu ukiwa palepale, nikingoja aniulize swali lake.