Mwacheni Naye Atolewe

Nakumbuka alasiri moja ya likizo, mwanangu, nilimpiga kofi msichana mgeni kwa sababu alitenda haki. Usinikatize kwanza, nitakueleza. Umenijia na habari za mtoto wako, ambaye mkono na mguu wa upande mmoja havimtii. Umeniambia kwamba pale chekechea Ukunda wenzake wanampenda mno, hakuna anayemsukuma wala kumgusa, lakini kila siku akirudi nyumbani hana la kusimulia. Hapo ndipo nilipolikumbuka kofi langu.

Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja. Zamani hizo hatukukata keki kuhesabu umri. Tulikaa hapa hapa Msambweni, nyuma ya chuo cha Kurani, nyumbani kwa nyanya yangu Bi Mwanasha. Mwaka huo mama mdogo, nduguye mama yangu, alimleta binti yake kutoka upande wa Gazi. Jina lake Mwanakombo, umri wake miaka minane, na miguu yake haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa. Alikwenda kwa kukaa chini na kujisukuma kwa mikono. Kwao walikaa shambani, mbali na skuli, na hapakuwa na mtu wa kumbeba kila siku. Kwetu skuli ilikuwa hatua chache tu.

Lakini mwalimu mkuu aliingiwa na wasiwasi. Alimwuliza Mwanakombo jina lake, mtoto akainamisha kichwa. Akamwuliza ana vidole vingapi, akanyamaza kimya. Basi mwalimu akasema akae kwa nyanya yake mpaka skuli zifunguliwe. Akizoea watu na kufungua kinywa, atampokea. Asipozoea, arudishwe kwao. Na kurudi kwao, sote tulijua, maana yake ilikuwa kukaa kibarazani kutazama kuku mpaka awe mtu mzima.

Nyanya aliniita akaniusia nimchezeshe. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa wasichana wa mtaa, mwenye mdomo na mwenye mpira. Mpira wenyewe niliufunga kwa matambara na kamba za mgomba. Mchezo wetu ni ule ambao siku hizi watoto huuita kati: wawili husimama huku na huku wakirusha mpira, wengine huwa katikati wakikwepa. Ukipigwa, unatoka nje ya mstari, unakwenda kukaa na waliotolewa, mnapiga soga mpaka mchezo uishe. Na kila mpira unaokwepwa huhesabiwa kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi wa mwisho naye atolewe.

Sasa, kwetu palikuwa na desturi. Mtoto mdogo akililia kucheza na wakubwa, tulimwingiza bure. Wa bure yumo mchezoni, anarukaruka na kupiga kelele, lakini hapigwi wala hatoki. Ni hila ya kumnyamazisha asije akatuitia mama yake. Mimi, kwa wema wangu, nikatangaza kwamba Mwanakombo ni wa bure, na atakayempiga atanijua mimi ni nani. Nikamkalisha katikati juu ya kipande cha mkeka, tukacheza. Mpira ulimpita juu, ukampita kando. Alipobaki peke yake tulisema mchezo umekwisha, tukaanza mwingine. Watu wazima wakipita walitusifu, nami nilijiona nimekwisha kuingia peponi.

Lakini Mwanakombo akirudi ndani jioni alikuwa akilia, na hakusema analilia nini. Alilia siku ya kwanza, akalia ya pili, wiki nzima ikapita. Mama mdogo alipopata habari alituma ujumbe kwamba Ijumaa ya wiki inayofuata anakuja kumchukua mwanawe, kwani kilio hicho kinaonyesha kwamba kwa watu hakumfai. Mimi nikasema moyoni kwamba mtoto huyu hana shukurani. Kumbe kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumamosi, kabla Ijumaa hiyo haijafika, akaja Zuhura, mjukuu wa jirani, kutoka Matuga. Hakuijua desturi yetu na hakuna aliyemweleza. Alishika mpira, akatazama katikati, akamchagua aliye karibu, akarusha. Mpira ukampiga Mwanakombo ubavuni. Sote tukaduwaa. Nami sikungoja, nilimwendea Zuhura nikamtandika kofi la shavu.

Nyuma yangu nikasikia kicheko, nikadhani nachekwa mimi. Nilipogeuka nilimwona Mwanakombo ameuacha mkeka, anajisukuma mbio mbio, vumbi linatimka, anakwenda nje ya mstari kukaa na waliotolewa. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo nilikuwa sijaiona tangu afike kwetu.

Nyanya alikuwa mlangoni akisuka ukili wa mkeka, na aliyaona yote. Akaniita. Nilikwenda kifua mbele, nikijua nitasifiwa kwa kumtetea mwenzangu. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Aliniuliza polepole:

"Mwanaisha, mmecheza na mwenzenu siku ngapi?"

"Siku tisa, nyanya."

"Na ametolewa mara ngapi?"

Nikamjibu kwamba hajatolewa hata mara moja, kwa sababu tunamhurumia.

"Basi hamjacheza naye," akasema. "Mmemweka katikati kama kinu, mnacheza kando yake. Wewe umeitazama miguu yake, mwenyewe hujamtazama. Hujafa hujaumbika, mwanangu. Nenda kamtake radhi mtoto wa watu, kisha umwulize Mwanakombo anataka nini. Kuuliza si ujinga."

Nilimtaka radhi Zuhura mbele ya wenzangu, masikio yakiniwaka. Alikuwa mstaarabu kunishinda. Alisema yamekwisha, ingawa shavu alikuwa bado amelishika. Kisha nikachutama mbele ya Mwanakombo nikamwuliza. Nilikuwa sijapata kumsikia akisema maneno matatu kwa pamoja. Akaniambia:

"Nimechoka kubaki peke yangu. Nyinyi mkitolewa mnakaa pamoja mnacheka, mimi hakuna anayenirushia. Nataka nitolewe kama nyinyi. Lakini msinitoe upesi."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana anayejisukuma chini atamkwepa vipi anayerusha akiwa amesimama, na wenzake wanakimbia? Tulibishana mpaka Zuhura akasema jambo jepesi kabisa: tukae chini sote, wa kurusha na wa kukwepa, na asiruhusiwe mtu kuinuka. Tukakaa. Mwanangu, lile ni jambo la kuona. Viganja vilituuma, mchanga ukatuingia mpaka mahali pasipotajika, na mimi mwenye mdomo nikawa wa kwanza kutolewa. Mwanakombo alikuwa na mikono iliyofanya kazi hiyo miaka yote. Alijipinda huku, akateleza kule, akainama, akabaki mpaka tukafika arubaini na tatu. Kisha akatolewa kwa haki, akaja akakaa nasi.

Usidhani kwamba kuanzia hapo alishinda kila siku. Kuna siku alitolewa wa kwanza, akakasirika, akatuita wezi, akasusa mpaka tukamaliza mchezo. Hakuna aliyekwenda kumbembeleza. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Na kuhesabu, ambako mwanzoni alitufuata nyuma kwa kunong'ona, siku ya tatu alikuwa akihesabu kwa sauti kuliko sote, maana aligundua kwamba asipohesabu mwenyewe tutamwibia moja mbili.

Waliotaabika ni mama zetu. Haukupita muda, nguo za wasichana wote wa mtaa zikawa zimetoboka nyuma. Walimjia nyanya wakilalamika, naye akatoa gunia kuukuu, akakata viraka, akatushonea mmoja mmoja huku akitutania. Ungetuona tukitumwa dukani, wasichana saba tumevaa magunia makalioni, tunajiona watu wa maana.

Ijumaa mama mdogo akafika kumchukua mwanawe, na mfuko wa kutilia nguo zake mkononi. Alisimama pembeni mwa uwanja asimjue binti yake ni yupi, kwa kuwa sote tulikuwa chini, sote tumejaa vumbi. Mwanakombo ndiye aliyemwona.

"Shikamoo, mama," akaita, macho yakiwa kwenye mpira. "Ngoja kwanza nitolewe."

Mama mdogo akaketi papo hapo mchangani, akajifunika uso kwa leso, akalia kwa furaha. Alingoja sana, kwa kuwa siku hiyo mtoto alikataa kutoka. Jioni alirudi kwake na mfuko mtupu. Na skuli zilipofunguliwa, mwalimu mkuu aliuliza tena habari ya vidole. Mwanakombo akamjibu kwamba ni kumi, na akitaka amhesabie na vyake. Mwalimu alicheka, akaliandika jina lake.

Basi mwanangu, chukua neno langu. Watoto wa pale chekechea si wabaya, wamemwingiza mwanao bure kama nilivyofanya mimi, na wanadhani wanafanya wema. Huruma ni kitu kizuri, lakini huruma isiyouliza humtenga mtu huku ikimchekea. Mwulize mwanao kwanza, kwani yeye ndiye anayejua mahali mchezo unapomwacha. Kisha zungumza na mwalimu wake, muwaachie watoto wenyewe wautengeneze mchezo. Wana akili kuliko tunavyodhani. Kama yeye anarusha kwa mkono mmoja, wote warushe kwa mkono mmoja, na kama hawezi kukimbia, basi wote waruke kwa mguu mmoja tuone nani hodari. Katika kurusha huko atajifunza hesabu, zamu na maneno ambayo hukumtia kinywani wewe. Na siku akishindwa akalia, kaa ulipo, usikimbilie kumtoa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini anayechezewa kando hana kwao pa kutunziwa. Mpe haki ya kushindwa, na ya kushinda ataitafuta mwenyewe.

Mwenyezi Mungu amkuze mwanao, ampe wenzake wa kweli, wanaomtania na kumngoja. Na akujaalie jioni moja umpokee mlangoni mchafu, goti limechubuka, akilalamika kwamba wamemtoa wa kwanza, na asubuhi yake umkute amekwisha kuvaa viatu anakuharakisha. Amina, mwanangu. Nenda salama.