Bibi wa Migongo ya Picha

Bibi wa chumba cha kumbukumbu, kwenye maktaba yetu huku Minnesota, haangalii sura ya mtu. Ukimpelekea picha ya ukoo huigeuza hapo hapo, akaupapasa mgongo wake kwa kidole gumba kama anayemcheulisha mtoto, akitafuta mhuri wa mpiga picha. Anawajua wapiga picha wote wa zamani: nani alihama, nani alifilisika, studio ya nani iliungua. Wenye sura hawamhusu. Juzi nilimsindikiza shangazi yangu Thorvalda alipompelekea picha ya Halvor, babu wa babu yetu, ambaye huwa tunamsalimu pale ukutani kabla ya kumkata bata mzinga wa sikukuu.

"Huyu mpiga picha kafika mjini 1889," bibi akaunong'oneza ule mgongo.

"We mama! Halvor alikufa 1881!"

"Basi alifufuka, akachana ndevu, akaenda kupigwa picha."

Shangazi akaangua kilio: kumbe miaka yote tumetundika mtu baki ukutani! Ndipo bibi, kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu, akaigeuza picha. Akaitazama sura, akamtazama shangazi, akaitazama tena.

"Huyu si mtu baki, mwaya. Masikio yenu ni haya haya; babu yenu wa damu ni huyu. Mtu baki ni Halvor."

Shangazi akaivuta kofia yake ya sufu mpaka shingoni.