Choo Kisichotaka Maji

Kopo la bibi lilikuwa la plastiki, la bluu, mpini wake umeungua kidogo. Lilikaa kwenye pembe ya choo cha zamani tangu sijajua kusoma. Mimi ndiye niliyeliondoa.

Nyumba yetu iko Ng'ambo, hapa Tabora, na uani tuna kisima ambacho bibi anasema kilichimbwa na babu yake, aliyekuja na misafara akachoka kutembea. Kiangazi, mabomba yakikauka, majirani huchota kwetu. Shimo la choo lilikuwa karibu mno na kisima hicho, na lilikuwa limejaa. Nilikuwa nikitazama maji kwenye ndoo za watu na kuwaza kinachopenya chini kwa chini. Usingizi ukanipaa. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikiona kitu kimepinda siwezi kukiacha.

Ujenzi sijausomea, najifunza kwa video za kwenye simu. Huko nikakuta choo kikavu. Hakina shimo. Mkojo unapita mbele kwa bomba lake, kinyesi kinaangukia nyuma kwenye chumba cha saruji, unakimwagia majivu, kinakauka, na baadaye kinakuwa mbolea. Nikakijenga mwenyewe kiangazi kilichopita. Sakafu niliisakafia, nikaibomoa, nikaisakafia upya kwa sababu mteremko haukunipendeza. Kilipokamilika hakikuwa na nzi wala harufu, na mlangoni nikaandika kwa rangi nyekundu: MAJI HAPANA. Majivu yakilowa, kila kitu kinaoza. Kopo la bluu nikalitupia stoo.

Bibi alikizunguka choo kile kama anakagua nyumba ya kupanga. "Mume wangu kanijengea kasri," akawaambia waliokuwa kisimani. "Hata sebuleni hapang'ai hivi."

Nilifurahi mno. Nilikuwa nikienda kukitazama bila haja yoyote.

Baadaye bibi akaanza kuacha chai nusu kikombe. Nikimpa maji anasema kiu hana. Nikadhani ni uzee, na mawazo yangu yakarudi kwenye ufa mdogo niliouona ukutani mwa choo. Ufa ule niliuziba siku hiyohiyo.

Asubuhi moja aliinuka kwenye mswala, akayumba, akakaa chini. Nikampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mkojo alisema unamchoma.

"Bibi, maji unakunywa?" nesi akamuuliza.

"Nakunywa."

"Mengi?"

Bibi akanitazama, kisha akamgeukia nesi. "Choo cha mume wangu hakitaki maji, mwanangu. Basi na mimi nimeyapunguza, nisiende mara kwa mara."

"Mume wako ni huyu?"

"Mimi mjukuu," nikasema.

Nesi hakucheka.

Kwenye zile video watu wanajipangusa kwa karatasi. Sisi tunachamba kwa maji, na aliyenifundisha ni bibi huyuhuyu. Ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau. Mimi nilikuwa nikitoka chooni navuka ua, naingia bafuni kujisafisha, basi. Sikujiuliza mwanamke mzee mwenye goti bovu atavukaje ua ule hajachamba, mbele ya watu waliopanga ndoo kisimani. Niliwaza maji yao, niliwaza nzi, niliwaza mteremko. Bibi sikumwaza.

Alilazwa. Nikarudi nyumbani, nikakwangua maandishi mlangoni, nikaanza kubomoa sakafu. Jirani yetu muuza maandazi akachungulia juu ya ukuta.

"Fundi! Leo ndiyo umegundua watu wana makalio?"

"Ulijua, dada, halafu hukuniambia?"

"Nilimwambia bibi yako akuambie." Sauti yake ikashuka. "Akasema, mwache, kijana kakosa usingizi kwa ajili ya choo hicho. Nisimvunje moyo."

Nikaendelea kugonga.

Niliongeza sehemu ya tatu, karai dogo la saruji pembeni, la kuchambia tu. Maji yake yanatoka kwa bomba hadi kwenye kokoto, chini ya migomba niliyoipanda upande wa mbali na kisima. Nilipolijaribu, maji yakabaki kidimbwi kidogo kwenye pembe moja. Nilitaka kubomoa tena, ila bibi aliruhusiwa siku hiyo. Kidimbwi kipo mpaka leo.

Nilimkalisha barazani nikamletea maji kwenye kikombe.

"Niyamalize?" akauliza.

Hakuwa anatania. Alikuwa ananiomba ruhusa.

"Yamalize, bibi. Choo nimekirekebisha. Maji yana mahali pake sasa."

Akautazama mlango, mahali rangi nyekundu ilipobaki kama kovu. "Basi niletee kopo langu."

Nililikuta stoo limejaa vumbi na mayai ya mende. Nikalisugua kwa majivu, nikalisuuza, nikalisugua tena, hadi sauti ya bibi ikanifikia kutoka barazani.

"Mume wangu, unalisafisha au unalioa?"

Nikampelekea. Kikombe alikuwa amekiweka chini, kando ya mguu wake. Maji yalikuwa yamebaki nusu.