Jina Lililobaki Ziwani

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa mzigo mdogo, nadhani nilikuwa na miaka tisa, nilipanda milima na dada yangu na shangazi yetu kwenda kwenye maziwa ya juu. Zilikuwa zama za Mwingereza. Kijiji chetu kilikuwa Upare wa kusini, mahali ambapo ukisimama uani asubuhi uliona moshi wa treni ukikatiza tambarare ya Same, mwembamba kama uzi. Maziwa hayakuonekana kutoka kokote. Ilibidi uyafuate siku mbili kwa miguu, na hata ukifika, walisema wakubwa, huenda yasitake kuonekana.

Tulifuata mafunjo, zile nyasi ndefu laini za kusukia mikeka. Dada yangu Nakijwa alikuwa ameposwa na fundi wa reli, na ndoa ilikwisha kutangazwa kanisani Jumapili mbili. Ukoo wetu haukukubali bibi harusi alalie mkeka wa mafunjo ya bondeni. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyeijua njia.

Baba alikuwa mwinjilisti. Alituombea mlangoni, kisha akamgeukia shangazi.

"Dada, usije ukamjaza huyu mtoto mambo ya kale."

"Nitamjaza viazi," shangazi akajibu, akatangulia.

Tulibeba mizigo mgongoni, imefungwa kwa kanga: blanketi, sufuria, makande makavu, viazi vitamu vya kuchemsha. Vichwani tulivaa magunia yaliyokunjwa kama kofia, maana kule juu mvua haiagi wala haibishi hodi. Siku ya kwanza tulipita mashamba, halafu malisho, halafu msitu ambao miti yake ilikuwa na ndevu nyeupe zinazodondosha maji. Mbega walituangalia bila kelele. Nakumbuka nilitembea kama mtu anayeota: nikisikia hatua zangu nilidhani ni za mtu mwingine aliye nyuma yangu kidogo. Dada alikuwa kimya. Siku hizo kila aliyekutana naye alimwita bibi harusi, naye alitabasamu tu.

Tulilala chini ya mwamba. Kesho yake, kabla ya kuvuka mgongo wa mwisho, shangazi alitusimamisha.

"Kuanzia hapa hakuna jina la mtu. Tunaitana kwa makofi. Ukitaja jina pale, maji yanalishika, na mwenye jina hatazeekea kwao."

"Hata jina la ubatizo, shangazi?" nikauliza.

"Maji hayajui kusoma, mwanangu. Jina ni jina."

Ziwa la kwanza lilikuwa dogo, limekauka pembeni, mafunjo yake mafupi. Tukapanda tena. La pili lilikuwa limelala kwenye kikombe cha mlima, jeusi, halina hata kiwimbi, na mawingu yalikuwa yakitembea ndani yake zaidi kuliko yalivyotembea juu. Nimeona bahari tangu wakati ule, nimeona na ziwa Jipe. Hakuna maji mengine yaliyonifanya nipunguze pumzi.

Tuliingia kukata. Shangazi na mimi tulibaki ukingoni. Dada, aliyekuwa na mikono mirefu, akaingia mbali zaidi, kanga imepandishwa magotini. Nilisikia mundu wake ukisema *shwa, shwa*. Kisha ukungu ukashuka. Haukuja kama mvua ijavyo. Nilitazama chini kuchukua konzi ya mafunjo, nilipoinua macho hapakuwa na ziwa. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa wa kijivu. Na mundu wa dada ulikuwa umenyamaza.

Shangazi akapiga makofi. Kimya. Akapiga tena, akapiga mluzi. Sehemu ile mafunjo huelea juu ya maji. Mtu anaweza kukanyaga akidhani ni nchi kavu, yakafunguka chini yake. Nilijua hayo kwa kuwa shangazi alikuwa ametuambia.

"Dada!" nikaita. Hilo halikukatazwa. "Dada! Dada!"

Mlima ukanirudishia neno lile lile kutoka pande zote. Halafu nikasikia maji yakitikisika, taratibu, mbali, kama mtu anayeondoka bila haraka.

Sikufikiri. Nilijaza kifua na nikapiga kelele: "Nakijwa!" Shangazi akanishika bega, nikajikwamua, nikaita mara ya pili, na ya tatu nikilia. Jina likazunguka juu ya maji, likafifia, likanyamaza.

"Nakuja," sauti ikasema.

Akatoka kwenye ukungu, maji yanamchuruzika kuanzia kiunoni, hana mundu. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa aliyeamshwa usingizini. Shangazi alikaa chini kwenye tope. Nilingoja kofi, halikuja. Alimfunga dada blanketi, akamsugua miguu, na baada ya muda akasema, "Lile jina tumeliacha humu. Kuanzia sasa wewe ni Namsifu."

Nyumbani baba alikasirika. "Jina la mtu halichukuliwi na maji!" alisema, akanyanyua Biblia mezani kana kwamba angeisoma, akaiweka tena. Lakini shangazi alikuwa mjanja. Mwinjilisti atalikataaje jina la kumsifu Mungu? Jumapili ya tatu baba alisimama kutangaza ndoa, akafika kwenye jina la binti yake. Akasema, "Namsifu." Sikumsikia akimwita vinginevyo mpaka anakufa.

Dada aliolewa, akaenda na mumewe Tanga, kisha Korogwe, kila reli ilipowatuma. Hakurudi kukaa milimani. Wazee wa kijiji walinong'ona kwamba neno la shangazi limetimia, na kwa miaka mingi nilibeba hatia hiyo. Nilikuwa mtu mzima nilipoanza kujiuliza: bibi harusi gani huzeekea kwao?

Nilimwuliza mwenyewe tulipokuwa tayari na wajukuu, tumekaa kibarazani kwake, tunachambua mchicha. Je, siku ile hakusikia makofi?

"Niliyasikia," akasema. "Na mluzi. Na wewe ukiita dada."

"Mbona hukujibu?"

Alichambua majani mawili matatu. "Maji yalikuwa na joto miguuni. Nikaona hakuna haja ya kurudi. Si kwamba nilimkataa mume, hapana, alikuwa mtu mwema. Nilikuwa nimechoka tu kusubiriwa. Nikawa natembea. Dada ni jina la kila mtu. Halafu nikasikia jina langu, kwa sauti yako ile ya kulialia, nikakumbuka kwamba ni mimi."

Nilimwuliza kama angependa nimwite tena kwa jina lile, sisi wawili tu.

"La," akasema. "Liache."

Miaka yote niliamini kwamba nilimpokonya dada yangu kitu pale juu. Sijui hata leo maji hushika nini na huachia nini. Baba alikuwa na jibu lake na shangazi alikuwa na lake, na wote wawili walimpenda. Mimi ninachojua ni kwamba mtoto alivunja mwiko kwa hofu, na dada akageuka.

Tuliendelea na mchicha mpaka ukaisha.