Kiganja cha Bi Mistari

Msusi huyu alibandikwa jina la Bi Mistari kwa sababu njia alizopasua kichwani kwa ncha ya kitana zilinyooka kama zimepigwa rula. Alisukia chumba cha mbele, yeye kwenye kigoda, mtoto kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti. Neno lake lilikuwa moja tu: "Inama." Asiyeinama alikula kitana cha bega.

Siku moja jirani yake wa ukuta mmoja akamletea binti yake.

"Inama."

Mtoto anatazama juu tu.

"Inama wewe, darini kuna nini?" Akamkandamiza kisogo kwa kiganja. Shingo ngumu kama mpini wa jembe, ngozi inachoma. Mtoto akatoa ukelele ambao msusi hakuwahi kuusikia kwa mtoto wala kwa mnyama. Jua halijazama, keshakufa. Homa ya uti wa mgongo, hospitali wakasema, wakawagawia vidonge wote waliokaa naye karibu.

Tangu hapo mtaa ukanyamaza. Redio zikazimwa, watoto wakafungiwa ndani. Maneno yakapita uani kwa uani kwamba kiganja cha Bi Mistari kinaujua ugonjwa. Basi kina mama wakaanza kumiminika, na si kwa kusuka.

"Mpime shingo, dada yangu, nipate usingizi."

Anakandamiza, mtoto anainama, mama anashusha pumzi anakwenda zake. Kule zahanati chanjo ya homa hiyo hiyo ilikuwa ya bure, watoto kwa wakubwa, na nesi anafukuza nzi. Mwisho akamfuata msusi nyumbani.

"Mama, shingo ikishakakamaa ugonjwa umeshaingia, na wengine haikakamai, wanatoka madoa tu. Chanjo ni ya kabla. Nipe huyo mjukuu wako unayemlea nimchome, na wewe pia."

"Wangu nampima kila asubuhi. Wewe una sindano, mimi nina kiganja. Tusiharibiane kazi."

Bi Mistari kichwa kilimvimba kwa sifa. Lakini akienda bombani kuchota maji, aliharakisha hatua. Nyuma ya kila dirisha watoto wakimwona walikuwa wanainamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, kimya, bila kuambiwa.

Asubuhi moja mjukuu aliinama vizuri, kidevu kikagusa kifua. Mchana akatapika. "Bibi, funga dirisha, mwanga unaniuma." Bibi akamkandamiza kisogo: laini, kinakwenda kama unga uliokandwa. Akamkandamiza tena, na tena, akicheka peke yake kwa hofu. Ndipo alipofunua shuka akaona miguu. Madoa meusi yenye wekundu, kama mtu kamrashia wino, na alipoyasugua kwa kidole hayakufifia.

Akamtupia mgongoni, akafungua mlango. Kina mama walikuwa wamejipanga hapo nje na watoto wao.

"Nipimie wangu kwanza, dada."

"Tokeni hapa! Kiganja changu hakijui kitu!"

"Ah, Bi Mistari naye kwa utani."

Akageuka, akawaonyesha ile miguu inayoning'inia. Wakampisha njia. Alipotoka mbio kuelekea zahanati akasikia nyuma yake vishindo vya kandambili, mtaa mzima unamfuata. Nesi akampokea mgonjwa, akamkimbiza kwa daktari, kisha akarudi akakuta foleni imefika barabarani. Mbele kabisa kasimama msusi, mkono wa gauni kaupandisha mpaka begani.

"Mimi kwanza, waone. Na usinitazame hivyo, choma."

Mjukuu alipona. Hivyo ndivyo walivyosema wote, na Bi Mistari akaitikia, amepona.

Wiki ya kwanza nyumbani, mtoto kakaa uani, kampa bibi mgongo, anapanga vizibo vya soda. Bibi akamwita. Akamwita kwa nguvu. Katika kuinuka haraka akakumba sufuria, mfuniko ukaanguka kwenye sementi ukalia mpaka jirani akachungulia. Kuku wakatawanyika.

Mtoto akaongeza kizibo kingine kwenye mstari.

Bibi akaokota mfuniko, akauweka chini taratibu, akazunguka mbali kwa upande wa mbele, asije akamshtua.