Hedi ya Kukandamizia Vitambaa

Malimi ni fundi wa cherehani. Hashoni, anazitengeneza. Sisi wanawake tunaoshona, kuanzia Usagara anakoishi mpaka huku Igogo kando ya ziwa, uzi ukianza kuruka tunampigia simu yeye. Mguu wake wa kushoto ulilegea tangu utotoni, hivyo baiskeli ya kukanyaga haiwezi. Miaka mingi alibebwa na kaka yake Yakobo kwenye keria. Yakobo si mtu mbaya, ila alikuwa akimshusha mahali, anakutana na marafiki zake, anasahau kwamba ana mdogo wake wa kumrudia. Siku moja Malimi alikaa barazani kwangu mchana kutwa, spana mapajani, akisubiri kupakiwa kama gunia la mihogo. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika, na Yakobo alipotokea nilimpa zake.

Ndipo Malimi akafunga injini ndogo kwenye baiskeli, zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Malimi akawa mtu wa kuja apendavyo na kuondoka apendavyo. Hata kubishana nami akaanza, jambo ambalo hakuthubutu siku zile za kusubiri kubebwa. Nililifurahia, ingawa sikumwambia.

Lakini binadamu haridhiki. Mwaka huu alichoka kupitwa na bodaboda mlimani, akabadilisha hedi, yaani kile kifuniko cha juu ya silinda panapofungwa plagi. Ya zamani ilikuwa pana na chafuchafu, ina mapezi marefu ya kupitisha upepo. Mpya ilikuwa ndogo, inang'aa kama sufuria ya harusini, na kwa ndani inabana zaidi ili injini itoe nguvu. Ile ya zamani akanipa mimi. Ni nzito na chini imenyooka, basi nikaifanya ya kukandamizia kitambaa ninapokata sare za shule.

"Mbona hii mpya ina mapezi ya dagaa?" nilimuuliza.

"Mama Rahim, wewe kata sketi."

Ikakimbia kweli. Na ikachemka kweli. Akifika kwangu, paka alihama baraza kwa lile joto. Malimi naye, mtoto wa wafuga ng'ombe, alikuwa na dawa yake: anateremka moja kwa moja ufukweni, anachota maji ya ziwa kwa kopo, anaimwagia injini ingali inawaka. Chaaa! Mvuke unapanda. Kwao mnyama akifika na joto la njiani, kabla ya lolote anapewa maji. Alilelewa hivyo na baba yake, na hakuna aliyemwambia kwamba chuma si ng'ombe. Isipokuwa mimi. Nilimwambia kikaango changu cha chapati kilipinda kwa mchezo huohuo, akacheka.

Siku moja, shule zikikaribia kufunguliwa, nilimsubiri mpaka nikachoka. Sikusikia mngurumo. Nikamwona anakuja kwa mguu, ameegemea usukani, shati limelowa jasho. Injini ilikuwa imezimika Mkuyuni. Bodaboda mmoja alitaka kumsukuma, akakataa.

"Shikamoo, mama Rahim."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Ilianza kupiga miluzi, nguvu zikaisha, ikanyamaza. Nadhani imenoki."

Akakaa. Injini ikinoki, pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda, na ndogo kama ile ndiyo basi tena. Nyingine angeitoa wapi?

"Nimpigie Yakobo aje akuchukue?" Neno lilinitoka, nikajuta papo hapo.

"Subiri kwanza, mama." Machozi yalimlengalenga. Utani wote ukaniisha. Niliogopa kama vile ni Rahim wangu aliyekaa pale.

Nikamwita Revocatus, jirani yangu anayetengeneza pikipiki. Akafungua nati, akainyanyua ile hedi ya kung'aa. Malimi aligeuka akatazama ukuta. Revocatus aliizungusha injini taratibu, akachungulia.

"Pistoni inapanda, inashuka. Silinda haina mchubuko."

"Kwa hiyo?" niliuliza mimi.

Revocatus akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akailaza hedi juu yake, akabonyeza pembeni kwa kidole. Ko, ko, ko. Ikacheza.

"Kilichokufa ni hiki tu. Kimepinda, moto ukawa unavujia pembeni. Nani anakimwagia maji ya baridi kikiwa cha moto?"

Nilikohoa. Malimi akasema ni yeye, kisha akaanza kucheka huku anafuta machozi kwa kiganja chenye grisi. "Alhamdulillahi!" nilipiga ukelele mpaka majirani wakatoka. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Naweza kuisugua ikanyooka," Revocatus alisema, "ila itachemka vilevile. Kwa milima hii na mzigo wa spana unataka yenye mapezi marefu. Ya kwanza ipo?"

Malimi akanitazama. Mimi nikatazama meza. Nilikuwa nimefika katikati ya sketi. Nikainyanyua, kitambaa kikajikunja chote, nikampa Revocatus hedi yenye chaki katikati ya mapezi. Akailaza kwenye kioo, akabonyeza kila upande. Kimya. Kufika alasiri baiskeli ilinguruma, na mimi nikapumua.

Wiki iliyofuata nilimsikia tangu mbali, taratibu, bodaboda zote zinampita. Akaegesha kwenye upepo wa ziwa, akachukua kopo.

"Malimi!" Nilisimama na mkasi mkononi.

Akachota maji kwenye ndoo yangu, akanywa yeye. Kisha akatoa mfukoni ile hedi ya kung'aa, akaiweka juu ya kitambaa changu. Ikayumba, ikatulia.

"Hii ndiyo ya mezani sasa," alisema.

"Haya. Na Yakobo anakuja kukuchukua saa ngapi?" nilimtania.

"Yakobo yuko Butimba, baiskeli yake imepasuka tairi. Kanipigia nimpitie nikirudi."

"Na umemwambia nini?"

"Nimemwambia asubiri." Akaivuta cherehani yangu karibu, akaanza kuifungua bila haraka hata kidogo.